Meza ya Marehemu

Kisangani, tarehe 12 Novemba 2023

Papa mpendwa,

Nakusalimu wewe, Mama na mdogo wangu Benie. Natumaini mafua ya Mama yamepungua na Benie ameacha kutoroka hesabu. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu. Simu yangu iliibiwa sokoni, na nasikia antena ya Isangi haijatengenezwa tangu ipigwe radi, kwa hiyo turudi kwenye barua kama wazee wa zamani. Hii naikabidhi kwa watu wa baleinière, ile boti kubwa ya mbao, inayoshuka kesho.

Papa, sikuwahi kukueleza ninavyoishi hapa kwenye home, bweni la wanafunzi. Mimi ni maquisard. Ndivyo tunavyoitwa sisi tusio na chumba, tunaojificha kwenye chumba cha mwenzetu kama wakimbizi. Chumba kilijengwa kwa watu wawili, tunalala saba. Mahali pangu ni sakafuni, kati ya kitanda na mlango, na kila anayetoka kwenda kukojoa ananikanyaga. Mvua ya juzi ilipita chini ya mlango, ikalowesha karatasi zote za mémoire yangu, ile tasnifu ya kumalizia masomo. Unajua mwaka jana nilirudia. Nikianguka tena mwaka huu, ndiyo kwaheri ya masomo.

Juu, mwisho wa ukumbi, kuna vyumba vichache vya mtu mmoja mmoja. Komite ya wanafunzi ndiyo inayovigawa, kwa wale wanaomaliza au wenye shida kubwa. Niombee nipate kimoja. Bila chumba sitamaliza, Papa, naona mwenyewe.

Mwanao,
Bonheur

Isangi, tarehe 30 Novemba 2023

Mwanangu Bonheur,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mafua ya Mama yako yamekwisha, yamehamia kwangu. Benie bado anatoroka hesabu, lakini sasa anatoroka kwa adabu. Jumapili tuliombea misa Tonton yako Henri, mdogo wangu. Tulikuwa wachache kanisani. Mtu akiwa na miaka mingi kaburini, wanaomkumbuka huwa ni wale wa tumbo moja tu.

Barua yako imeniuma. Sikujua kama mtoto wangu anakanyagwa. Nilipohama Maniema na shoka moja na msumeno, nililala ufukweni juu ya mbao zangu, lakini hakuna aliyenikanyaga.

Usikate tamaa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Baleinière ninayomjengea Mama Angèle iko juu ya magogo sasa, nimefikia mbavu. Nikimaliza nitapanda nije niongee na hao vijana wa komite, mtu na mtu. Nitawaambia mimi ni Wenceslas, fundi wa Isangi. Mto huu umejaa mifupa ya vyombo vya watu, ila cha kwangu hawajakiokota hata kimoja. Jina kama hilo lazima wataliheshimu.

Papa yako,
Wenceslas

Kisangani, tarehe 20 Desemba 2023

Papa mpendwa,

Salamu nyingi kwenu wote, na Noeli njema. Pole kwa mafua. Hapa joto ni kali na umeme unakuja ukipenda, ingawa bwawa la Tshopo tunalisikia likinguruma.

Juu ya kuja kwako, nakuomba usije. Komite haipendi wazazi wanaoingilia, utaniharibia. Mambo yangu yanaelekea vizuri, wamenihurumia. Nitakueleza siku nyingine.

Ila nakuomba kitu kimoja. Nitumie picha yako, ile ya suti uliyopiga siku ya jubilei ya parokia. Nataka niwe nayo tu.

Mwanao,
Bonheur

Isangi, tarehe 4 Januari 2024

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Mama yako anauliza kama ulikula kuku siku ya Noeli, mimi nimemjibu kwamba ulikula, tusaidiane huo uongo.

Picha hii hapa, nimeiweka kati ya makaratasi mawili magumu isikunjike. Nikuambie kweli, ombi lako lilinifurahisha kupita kiasi. Nilipita nalo ufukweni kote. Nikawaambia mafundi wenzangu: mwanafunzi mzima wa chuo, watoto wa siku hizi wanabandika wachezaji mpira ukutani, huyu wangu anataka uso wa papa yake. Walinicheka, lakini ule wivu niliuona.

Kama hutaki nije, sitakuja.

Papa yako,
Wenceslas

Kisangani, tarehe 11 Februari 2024

Papa mpendwa,

Nawasalimu kwa furaha. Nimepata chumba.

Ni cha mtu mmoja, ghorofani, mlango wa mwisho. Kina dirisha linalotazama mtoni na kina kufuli, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Usiku wa kwanza sikulala kwa sababu hakuna aliyekuwa ananikanyaga. Karatasi zangu ni kavu. Sina meza bado, naandikia juu ya ndoo niliyoigeuza, mgongo unauma lakini siwezi kulalamika. Picha yako iko ukutani.

Usijisumbue kuja, Papa. Safari ni ndefu na wewe una kazi.

Mwanao,
Bonheur

Isangi, tarehe 25 Februari 2024

Mwanangu,

Mungu asifiwe. Mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani wakadhani Benie amechumbiwa. Nilimtuma aende akawaeleze kwamba ni chumba tu.

Nijibu swali hili bila kuniuliza sababu. Chini ya hilo dirisha ukuta una urefu gani? Pima kwa mikono yako, mikono yako ni sawa na yangu. Mpe jibu mtu wa boti kwa mdomo, inatosha.

Papa yako,
Wenceslas

Kisangani, tarehe 7 Aprili 2024

Papa,

Nawasalimu. Jumamosi nilikuwa maktaba. Niliporudi nilikuta meza chini ya dirisha. Imeingia kati ya kuta mbili bila nafasi ya kupitisha ukucha. Ni mbao ya afrormosia, na pembe zake zimeungwa bila msumari.

Wenzangu wameniambia ni Tonton Henri aliyeileta, akakaa kidogo, akala, akaondoka. Papa, Tonton Henri tulimzika mimi nikiwa mtoto. Tafadhali niandikie.

Bonheur

Kisangani, tarehe 5 Mei 2024

Papa,

Nimepeleka barua mbili baada ya ile, moja kwa boti ya mbao na moja kwa mtu wa makayabu, samaki wa chumvi. Watu wa boti wanasema walikukabidhi mkononi. Mama hajambo? Benie je? Nitumie hata neno moja, hata la matusi.

Bonheur

Isangi, tarehe 2 Juni 2024

Kwa mtoto wa kaka yangu, Bonheur,

Nakusalimu na kukupa pole kwa msiba. Mama yako hajambo, hajui kama ni mjane. Benie amefaulu hesabu. Usione nimechelewa kukujibu. Mimi si mzoefu wa barua, nilikufa zamani.

Nilifika huko nikiwa na meza juu ya toleka. Kijana wa baiskeli alisukuma mpaka getini, tukaishusha, nikauliza Bonheur anakaa wapi. Kulikuwa na binti anafua, anaitwa Gracia. Aliponiona akaacha beseni likamwagika, akafanya ishara ya msalaba. Nikadhani ni wazimu wa masomo. Wakaja vijana wengine wakasimama mbali kidogo wakinitazama. Kisha akatoka huyo mkubwa wa komite, Papy, akanishika mikono yote miwili kwa heshima sana, akasema, "Papa, pole mingi. Unafanana naye kabisa. Uko nani yake?"

Nani yake nani, nikajiuliza. Wakabeba meza, wakafungua kwa ufunguo uliouacha kwa huyo Papy ulipokwenda maktaba, nikaingia. Ukutani nikaona picha ya papa yako, amevaa suti ya jubilei. Kwenye kona kuna utepe mweusi. Chini kuna nta ya mishumaa iliyoganda.

Hapo nikaelewa. Na neno lilikuwa tayari mdomoni, Bonheur, lilikuwa fupi tu, ni mimi. Nikatazama kufuli la mlango wako. Nikatazama madaftari yako, makavu, yamepangwa. Nikakumbuka ile barua ya kukanyagwa.

Nikasema, "Niko mudogo yake. Jina yangu Henri. Hii meza marehemu aliiacha kwa mutoto yake."

Walinipa kiti. Gracia akaleta kwanga na samaki, akapiga magoti kuniwekea. Wakanieleza msiba ulivyokuwa, jinsi walivyokesha nawe uani, jinsi ulivyolia mpaka ikabidi wawili wakushike. Wananisimulia kwa upendo, na mimi natikisa kichwa, natafuna. Ni watoto wazuri. Sijawahi kuona watu wamemlilia mtu wasiyemjua namna hiyo. Hata Henri hakuliliwa hivyo, mimi nilikuwepo.

Halafu wakaniambia alikufaje. Kwamba alikuwa ndani ya baleinière aliyoijenga kwa mikono yake, ikafunguka kwenye maungio katikati ya mto, ikazama naye, mwili haukuonekana.

Ungemuua kwa malaria. Malaria haina aibu, inaua hata maaskofu. Papa yako amejenga vyombo tangu hujazaliwa, vinapanda na kushuka na watu, mbuzi na mihogo, na hakuna ubao wake uliofunguka. Kitu kimoja alichokuwa nacho mtu yule, ndicho ulichochagua kumzamisha nacho.

Meza ni nzuri. Usiiwekee sufuria ya moto.

Tonton yako,
Henri

Kisangani, tarehe 16 Juni 2024

Papa,

Nasalimu nyumba yote. Nimeshika kalamu mara nyingi nikaiacha.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Usiku wa mvua nyingine, kabla ya Noeli, niliketi kwenye ngazi na karatasi zangu zilizoloa tena, nikalia. Gracia akaja akaweka mkono begani. Akauliza nani amekufa. Nikazidi kulia. Akauliza, "Ni papa?" Na mimi sikusema hapana. Ndiyo yote niliyofanya, Papa, sikusema hapana. Nilipoinua kichwa, ngoma zilikuwa zimeshatoka na Papy anakusanya watu uani. Mwenzetu akifiwa hapa, home nzima inalala nje pamoja naye.

Asubuhi wakataka kukodi boti waje wote Isangi kuzika. Ningesema nini? Nikasema mto umekuchukua. Chombo kilikuja chenyewe mdomoni, wewe na mto na chombo ni kitu kimoja kichwani mwangu. Baadaye mmoja akauliza kwa nini aliyefiwa hana hata picha ya marehemu. Ndipo nikakuandikia. Na chumba, wao wenyewe walikileta. Vyumba vya juu huwapa waliofiwa wapate kuomboleza kwa utulivu.

Nililia kweli siku zile. Hilo sikudanganya.

Mwanao, kama bado,
Bonheur

Isangi, tarehe 20 Julai 2024

Mwanangu,

Nakuandikia kama Wenceslas, kwa mara hii. Mama yako na Benie wanakusalimu, sijawaambia kitu.

Wanafunzi wa Isangi wanaosoma vyuo vingine huko wamerudi likizo na habari ya kifo changu. Wamenikuta nikitembea sokoni, wengine wamekimbia, wengine wamecheka. Lakini habari haikurudi nyuma ilikotoka, imeendelea kushuka na mto. Yanonge wanasema, Basoko wanasema: baleinière za Wenceslas zinafunguka. Kwamba mimi ni mzima haisaidii kitu. Watu wanasema, kumbe aliogelea.

Mama Angèle amekuja kutazama chombo chake. Alipitisha kidole kwenye kila kiungio, mwanamke ambaye miaka yote ananikopesha mbao bila kuniuliza. Mwisho akasema, "Papa Wences, mimi niko na watoto. Minaogopa." Akaondoka. Chombo kiko juu ya magogo, nyasi zinakipanda.

Sikuombi kitu kikubwa. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Cha kwako umekianza wewe, na wa kukinyamazisha ni wewe. Simama hapo uani walipokesha, uwaambie kwa sauti kwamba papa yako ni mzima na chombo chake hakijazama. Wao watapeleka habari kama walivyoipeleka ile. Kinywa changu hakitoshi, nani atamsikiliza fundi anayejisifu?

Papa yako,
Wenceslas

Kisangani, tarehe 25 Agosti 2024

Papa mpendwa,

Salamu kwa Mama na Benie. Hapa vumbi limezidi, lakini afya ipo.

Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Una haki. Nitasema, nakuapia. Ila nikisema leo, leo hii watanitoa chumbani, na komite itanisimamisha mbele ya wote, na ninatetea mémoire mwezi ujao. Waliolia watanipiga, Papa, si utani, mwaka jana mmoja aliyewaibia wenzake alitolewa hapa amebebwa. Nivumilie nitetee kwanza. Siku ya pili yake nasimama uani.

Naandikia juu ya meza yako kila usiku. Haitikisiki.

Mwanao,
Bonheur

Isangi, tarehe 22 Septemba 2024

Mwanangu,

Tunakusalimu. Mama yako anasali rozari kwa ajili ya utetezi wako, magoti yamemvimba.

Wasaidizi wangu wameondoka, wamekwenda kwa fundi mwingine. Siwalaumu, wana midomo ya kulisha. Kazi ninayopata sasa ni majeneza. Hapo hakuna anayepitisha kidole kwenye maungio. Jeneza halihitaji kuelea.

Tetea vizuri.

Wenceslas

Kisangani, tarehe 3 Novemba 2024

Papa mpendwa, Mama mpendwa,

Nawasalimu kwa machozi ya furaha. Nimepita, na kwa distinction. Profesa alisema mémoire yangu ni safi kuliko zote, hata karatasi zake. Bila kile chumba nisingefika, na bila meza pia, hilo nalisema wazi.

Sherehe ya kuvalishwa toga ni mwezi ujao. Nataka mje. Nimepanga kila kitu, mtalala kwa rafiki yangu Dady, hapo Makiso.

Papa, kuanzia hapa usimsomee Mama: lile jambo sijalisema. Nilikwenda uani siku ya pili ya utetezi kama nilivyoapa. Nikawakuta wamenunua mbuzi. Papy alisimama akasema mbuzi huyu ni kwa ajili ya papa ya Bonheur, ambaye hakuishi kuiona siku hii, tumwagie kinywaji chini. Wakamwaga. Gracia alilia tena. Nilishindwa kufungua mdomo, nikala.

Sasa ni suala la siku moja tu, na baadaye kila mtu atakwenda kwao. Wenzangu wanamkumbuka Tonton Henri kwa mema sana, wananiuliza kama atakuja. Wamemwekea kiti mbele. Sijui niseme vipi. Wewe unaelewa mambo haraka kuliko mimi. Na Mama naye, wanajua atakuja, wanataka kumsalimia kwa namna inayostahili.

Nisamehe, na mje.

Mwanenu,
Bonheur

Isangi, tarehe 17 Novemba 2024

Kwa mtoto wa kaka yangu, Bonheur,

Amani ya Bwana iwe nawe. Hongera. Benie amekimbia mtaa mzima akitangaza distinction, ingawa hajui maana yake. Paroko ataisema Jumapili baada ya komunyo. Mimi nilikwenda ufukweni peke yangu, nikakaa ndani ya chombo cha Mama Angèle, pale kwenye nyasi, nikafurahi. Nimefurahi kweli, usisome hapa kitu kingine. Nilikupeleka huko umalize, na umemaliza.

Tutakuja. Kiti cha mbele nitakaa. Nitamwaga kinywaji chini wakimwaga, na wakisema marehemu alikuwa mtu mwema nitaitikia, maana nadhani alikuwa mwema. Suti ile sitaivaa, wataitambua. Nitaazima koti.

Mama yako nilikuwa sijamwambia; uvumi aliusikia, hakujua umetoka kwako. Nilitaka umwambie mwenyewe ukiwa umeshalimaliza. Jana nimemwambia, kwa sababu mtu hawezi kupelekwa kwenye msiba wake bila kujua. Alikuwa anachambua majani ya pondu. Alimaliza fungu lote, akanawa mikono, akaingia chumbani akatoka na ile nguo ya wax ya bluu aliyoinunua ulipoingia mwaka wa kwanza, aliyoificha chini ya sanduku kwa ajili ya siku yako. Akaikunjua magotini, akaitazama, akaikunja tena.

Ameniuliza swali moja tu. Mimi nimeshindwa kumjibu, ndiyo sababu nakuandikia wewe unayejua desturi za huko. Anauliza avae nyeusi?

Tujibu kwa boti ya Jumatano. Kama ni nyeusi itabidi aazime kwa jirani, na jirani atamuuliza nani amekufa.

Tonton yako,
Henri